Mshokishoki wako hauumwi, umefiwa

Swali limetoka kwa msomaji wa Donge, Unguja:

"Bwana shamba, assalaam alaykum na shikamoo. Marehemu baba alituachia mishokishoki miwili nyuma ya nyumba, yote aliipanda kwa mbegu. Mmoja, wa uani, ulikuwa ukizaa kila msimu mpaka tunagawa kwa majirani. Wa pili, wa karibu na kisima, ulitoa maua mengi kuliko mwenziwe lakini haukuwahi kutupa tunda hata moja. Tuliupigilia misumari, wapi. Mwaka juzi kaka yangu akaukata. Tangu hapo na ule wa uani umeharibika: maua yanatoka, vitunda vinaanza kama punje za mtama, halafu vingi vinakauka na kupukutika. Vichache vinavyobaki ni vidogo, ukipasua ganda ndani hamna nyama. Dukani nikauziwa dawa ya wadudu, nikaupulizia maua yalipofunguka, na mwaka huu hata vile vichache vimepungua. Huu ni ugonjwa gani? Gogo la ule uliokatwa limechipua sana, niling'oe? Na nikipata mashokishoki mazuri sokoni, naweza kuweka mbegu kwenye friji mpaka masika nipande miti mipya?"

Waalaykum salaam, na marahaba dada yangu. Kabla ya lolote, usiling'oe hilo gogo. Lina kazi kubwa mbele yake, nitakueleza.

Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe katikati ya barua: kaka akaukata, na tangu hapo wa uani ukaharibika. Mti wa kisimani haukuwa tasa. Ulikuwa dume. Hauzai kwa sababu kuzaa si kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuurutubisha ule wa uani, na kwa miaka yote mliyokuwa mkigawa mashokishoki kwa majirani, nusu ya sifa ilikuwa ya mti ule uliokuwa ukipigiliwa misumari.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona mishokishoki madume mingi ikikatwa kwa kosa hilohilo. Mpapai dume kila mtu anaujua: unaning'iniza vikonyo virefu vya maua, mtoto wa miaka kumi anaweza kukuonyesha. Wakulima wa viungo wanaijua habari hii kwa mkungumanga pia, kwamba kuna madume na majike, na shamba la madume matupu halitoi kungumanga hata moja. Lakini mshokishoki unatuficha. Majani ya dume na ya jike ni yaleyale, kimo ni kilekile, mashada ya maua ukiyatazama kutoka chini yanafanana. Tofauti imo ndani ya ua lenyewe, na ua la mshokishoki ni dogo sana, halifiki nusu sentimita. Halina hata petali za kumvutia mtu alitazame. Ndiyo maana kila mtu hungoja tunda ndipo atoe hukumu.

Basi shada litakapotoka tena, fanya hivi. Asubuhi, jua likiwa limeanza kukausha umande, vuta tawi la chini la mti wa uani, vunja kikonyo kimoja cha maua, ukiweke kwenye kiganja chako ukae penye mwanga. Katikati ya ua utaona kitu mfano wa kichupa kidogo cha kijani chenye vinyweleo. Hilo ndilo tunda kabla halijawa tunda. Juu yake kuna kijiti kinachogawanyika ncha mbili, kama pembe mbili ndogo zinazojikunja nje. Ua likiwa bichi pembe hizo ni nyeupe na zina unyevu. Siku ya pili zinageuka kahawia, na muda wake umepita. Kuzunguka kichupa kuna vijiti vingine vifupi vyenye vichwa. Vigusishe kwenye kitambaa cheusi. Kwenye mti jike havitoi kitu: vichwa vipo lakini havipasuki. Wataalamu wa mimea wangesema ua hilo lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, lakini linalofanya kazi ni la kike peke yake.

Ua la dume ni jingine kabisa. Kichupa hakipo, au kimebaki kama doa tu, na hakuna pembe mbili. Badala yake kuna vijiti vitano hadi vinane vilivyosimama wima, virefu, vyenye vichwa vya manjano. Gusisha kitambaa cheusi, utaona unga wa manjano. Huo unga ndio chavua, na ndio uliotoweka uani kwenu mwaka juzi. Uliona pia kwamba mti wa kisimani ulitoa maua mengi kuliko mwenziwe, na macho yako hayakukudanganya: shada moja la dume laweza kubeba hadi maua 3,000, wakati la jike hubeba mamia tu. Dume halina tunda la kulisha, basi nguvu zake zote huishia kwenye maua.

Utaniuliza: kama dume limekwenda, kwa nini matunda hayakwisha kabisa? Kwa sababu mishokishoki mingi tunayoiita majike hutoa vijiua vichache vya kiume katikati ya mashada yake, mara nyingi hata moja katika mia halifiki. Chavua ya vijiua hivyo hutosha kupata tunda moja hapa, mbili pale. Huenda pia kuna dume la jirani mbali kidogo, na nyuki mmoja mmoja anafika kwako akiwa bado na unga miguuni. Lakini ua lisilopata chavua ya kutosha huanza kuvimba kisha hukata tamaa. Vile vitunda vyako vyenye ganda na nywele lakini vitupu ndani ndiyo alama yake kubwa. Nyama ya shokishoki hukua ikizunguka kokwa. Pasipo kokwa, nyama haina cha kushikilia.

Hata hivyo sitaki nikuhukumie ugonjwa au uzima kwa barua tu. Upo ugonjwa mmoja unaofanana na hali yako, nao ni ukungu wa unga, ndugu wa ule ubwiri unga wanaoujua wakulima wa korosho kule Mtwara na Lindi. Huu hushambulia mashada na vitunda vichanga, navyo hukauka vikawa vyeusi. Tofauti yake unaiona kwa macho: mashada hupakwa weupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, na ukipitisha kidole weupe unatoka. Ukiuona huo, tiba yake ni salfa, ileile ya mikorosho, inayowekwa mapema shada likichomoza. Kama mashada ni safi na vitunda vinakauka bila weupe wowote, usitafute ugonjwa. Na mti uliozaa vizuri miaka yote kisha ukaacha mara tu jirani yake alipokatwa, mimi siwezi kuutilia shaka sana.

Aliyekuuzia ile dawa ya wadudu hakukuuliza hata mti una nini. Maua ya mshokishoki yana harufu nzuri na asali kidogo, nayo huita nyuki, nzi na hasa wale nyuki wadogo wasiouma wanaojenga kwenye matundu ya kuta na magogo. Hao ndio waliokuwa wakikuletea chavua hata hiyo kidogo iliyobaki. Ukipulizia sumu maua yakiwa wazi, umewaua wahudumu wako katikati ya kazi. Msimu ujao usipulizie chochote cha kuua wadudu kuanzia shada linapofunguka mpaka vitunda vishike. Na kama kuna mzinga wa nyuki wadogo kwenye ukuta wa nyumba yako, uache hapohapo.

Misumari nayo nisiipite. Imani ya kuutisha mti au kuupigilia misumari ipo karibu kila pembe ya nchi, na watu hawakuibuni bure: mti ukipata shida kidogo wakati mwingine huharakisha kutoa maua. Mshokishoki wenyewe huamshwa na ukame. Wiki tatu au nne bila mvua baada ya majani kukomaa ndizo zinazouambia utoe mashada. Lakini mti wako wa kisimani ulikuwa tayari unatoa maua kwa maelfu. Haukuwa na usingizi wa kuamshwa. Msumari kwenye gome la mshokishoki ni mlango wa kuoza tu.

Sasa tiba. Ziko mbili, moja ya msimu ujao na moja ya miaka ijayo, na ningependa ufanye zote.

Ya msimu ujao: kaazime dume. Donge ni nchi ya miti, huwezi kukosa nyumba yenye mshokishoki ambao wenyewe wanaulalamikia kwamba ni maua matupu kila mwaka. Uliza mapema, kabla mashada hayajafunguka, na ukiupata waombe wasiukate. Kwa kuwa ukame unaoiamsha miti ni mmoja kijiji kizima, mara nyingi itachanua pamoja na wa kwako.

Kama una jamaa Oman, na watu wengi wa Unguja wanao, waulize namna wanavyozalisha mitende. Mtende nao una dume na jike, na kule hawamwachii upepo kazi hiyo. Mtu hupanda juu ya mtende jike na vikonyo vya maua ya dume, akavipachika ndani ya shada la jike na kulifunga. Dume moja hutosheleza majike mengi. Nakushauri ufanye hivyohivyo kwa mshokishoki, na uzuri ni kwamba si lazima kupanda juu sana.

Kata mashada kadhaa ya dume asubuhi, yale ambayo maua yake yamefunguka na unga unaonekana. Mengine yatie kwenye chupa za maji, uzifunge kamba na kuzitundika katikati ya matawi ya mti wako, zaidi upande wenye mashada mengi. Maua yakikaa majini yatadumu siku moja au mbili, na nyuki watafanya kazi iliyobaki. Mengine yashike mkononi, upite kwenye mashada unayoyafikia, ukiyapangusa taratibu juu ya maua yenye zile pembe mbili nyeupe. Usisugue, gusisha tu kama unapaka poda uso wa mtoto. Kwa kuwa maua ya shada moja hayafunguki siku moja, rudia baada ya siku mbili tatu, mara nne au tano katika msimu. Siku ya mvua usihangaike, unga umelowa.

Na uweke alama. Funga uzi mwekundu kwenye mashada kumi uliyoyapangusa kwa mkono, mengine kumi ya upande wa mbali yaache bila kuyagusa. Baada ya wiki sita hesabu vitunda vya kila upande. Hesabu hiyo itakuthibitishia kuliko maneno yangu yote, na itamthibitishia kaka yako pia.

Huko Asia ya Kusini Mashariki wenye mashamba makubwa wana njia nyingine: hupulizia homoni ya mimea iitwayo NAA kwenye mashada machache ya mti jike, na maua ya mashada hayo hugeuka yakatoa chavua. Nimeitaja ili uijue. Kwa mti mmoja wa uani chupa za maji zinatosha, na kipimo cha homoni kikizidi hukuharibia mashada.

Ya miaka ijayo ndiyo hilo gogo. Mti ule ulipandwa kwa mbegu, haukubebeshwa, yaani haukubandikwa jicho (chipukizi changa lililolala kwenye gome) la mti mwingine, basi kila chipukizi linalotoka pale, liwe juu ama chini, ni dume. Lakini chini yake kuna mizizi ya mti mzima iliyokwisha jua maji yalipo. Mche mpya wa mbegu ungekuchukua miaka mitano au sita kuanza kuzaa, na bado usingejua ni dume au jike. Hapa unaweza kuyabebesha machipukizi yale kwa macho ya mti wenu wa uani, ambao mnajua ladha yake, na katika miaka miwili mitatu gogo la kisimani likawa linazaa mashokishoki ya baba yako. Huku chipukizi moja ukiliacha liwe dume kama lilivyozaliwa. Mti mmoja, majike manne na dume moja, kwenye mizizi ileile.

Nitakueleza kazi yenyewe kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea.

Chagua machipukizi matano yenye nguvu, yaliyokaa pande tofauti za gogo, mengine yote yaondoe. Yaache yanenepe mpaka unene wa kidole gumba. Wakati huo nenda kwenye mti wa uani uchague vijiti vya macho: tawi linalopata jua, gome lake limeshakuwa kahawia, si la kijani. Wiki mbili au tatu kabla ya kubebesha, kata majani ya tawi hilo ukiacha vikonyo vyake tu. Vikonyo vitakauka na kuanguka vyenyewe, na jicho lililokuwa kwapani mwa kila kimoja litavimba. Jicho lililovimba ndilo linaloshika. Ukichukua jicho lililolala, litakaa kijani miezi miwili bila kuchipua.

Fanya kazi msimu ambao gome linabanduka kwa urahisi, mvua zikiwa zimeshaulainisha mti, lakini siku yenyewe iwe kavu. Jaribu kwa ncha ya kisu: gome likitoka laini na chini yake panateleza kama ndani ya ganda la bamia, ni wakati wake. Likinata na kuchanika, ngoja.

Kisu kiwe kikali na ukipanguse kwa spiriti. Kwenye chipukizi, kiasi cha shubiri moja kutoka gogoni, chora mikato miwili ya wima, urefu kama sentimita nne, nafasi kati yake sentimita moja. Iunganishe juu kwa mkato mmoja wa kulala. Shika gome hapo juu ulivute chini kama unavyomenya ndizi, ukate ulimi huo ubakize kipande kifupi chini cha kupokelea jicho. Halafu kutoka kijiti cha uani toa kibandiko cha gome chenye jicho katikati, kipimo kilekile. Ukitoa kijibao kilichoshikamana nyuma yake, tazama upande wa ndani mahali pa jicho: pawe na kijivimbe. Pakiwa na kitundu, moyo wa jicho umebaki kwenye mti. Kitupe uchukue kingine. Usiguse upande wa ndani kwa vidole. Kiteleze mahali pake, kikae kwenye kile kipande cha chini, na ufunge kwa ukanda wa nailoni ukianzia chini ukipanda juu, kila mzunguko ukilalia wa chini yake, kama unavyoezeka makuti, ili maji yateremke nje yasiingie.

Wiki ya tatu au ya nne fungua. Kwaruza kidogo kwa ukucha pembeni ya jicho: kijani, limeshika, nyeusi, limekufa, jaribu upande wa pili wa chipukizi hilohilo. Lililoshika lipe wiki moja lizoee hewa, kisha kata chipukizi juu yake kiasi cha upana wa mkono. Jicho litaamka.

Na hapa ndipo subira inapotakiwa. Gogo litaendelea kutoa machipukizi yake ya kiume, nayo hukua haraka kuliko jicho ulilolibandika. Ukisafiri miezi mitatu ukirudi utakuta yamelifunika na kulinyima jua, na usipojua utayalea hayo ukidhani ndiyo uliyoyabebesha. Kila wiki pita uyabandue kwa kidole yakiwa bado mateke. Tawi jipya lifunge kwenye mti wa kuegemea, kwa sababu maungio bado machanga na upepo wa kusi unaweza kulinyofoa.

Lile moja la kiume liwe upande unaotazama uani. Lipake rangi, au lifunge waya wenye kibandiko, ili hata baada ya miaka kumi mtu mwingine asije akalikata.

Kuhusu mbegu na friji: hapana, dada. Mbegu ya shokishoki si kama ya mahindi au kunde inayongoja msimu. Ikitoka ndani ya nyama yake huanza kufa, na ndani ya wiki moja hivi imekwisha. Ukavu unaiua, na baridi ya friji inaiua upesi zaidi. Ukitaka kupanda, kula tunda leo, osha kokwa mpaka utelezi wote utoke, ipande leo au kesho, ikiwa imelala ubavu, kwenye mfuko wenye udongo wa mboji kivulini. Katika wiki mbili tatu itaota.

Huwa nawaza jambo hili nikiona mishokishoki yetu. Asili yake ni nchi za Wamalay, na jina lao la tunda hili, rambutan, linatokana na neno lao la nywele. Kwa mbegu inayokufa ndani ya wiki, naamini waliouvusha Bahari ya Hindi kwa tanga hawakubeba mbegu mkobani. Lazima kuna mtu alibeba miche iliyokwisha ota, akaigawia maji yake ya kunywa.

Lakini hata mbegu mbichi nisingekushauri uzipande ukitarajia matunda. Katika miche mia moja ya mbegu, kiasi cha 40 hadi 60 hutoka madume, na majike yanayobaki hakuna linalofanana na mama yake sawasawa: moja tamu, moja kali, jingine nyama yake imeng'ang'ania kokwa mpaka unatafuna ganda la kokwa. Baba yako alipanda mbili akapata moja ya kila aina, na ile jike ikawa tamu. Ilikuwa bahati njema, na ndiyo sababu nakusihi uizidishe kwa macho yake.

Thailand wana mfano mzuri. Shokishoki wanayoipenda kuliko zote huiita kwa jina la shule, rongrien, nayo ilianzia Na San, mkoa wa Surat Thani. Katika miaka ya 1920 mchimbaji wa bati aliyeitwa K. Wong alipanda pale mbegu alizotoka nazo Penang. Katika miti iliyoota, mmoja ulitoa tunda tamu linalobanduka vizuri kwenye kokwa. Mgodi ulipofungwa, nyumba yake ikafanywa shule na mti ukabaki hapo, ndipo lilipotoka jina. Mashamba yote ya aina hiyo yaliyopo leo ni vipande vya mti ule mmoja, mkono kwa mkono, jicho kwa jicho. Hakuna aliyezipata kwa kupanda mbegu zake.

Kwa hiyo mbegu zako za sokoni zipande ziwe miguu ya kubebea: zikifika unene wa penseli au zaidi kidogo, kwa kawaida baada ya mwaka hivi, unazibandika macho ya mti wa uani. Na ukinunua mche kwa mtu, uliza maswali mawili tu: umebebeshwa? Na macho yametoka mti gani? Niliwahi kuitwa kwenye shamba la mishokishoki thelathini, mwenyewe aliuziwa kwa maneno kwamba ni mbegu bora. Nikaangalia kila shina karibu na ardhi, sikuona kovu la maungio hata kwenye mmoja. Alikuwa ameilea na kuimwagilia miaka saba, na zaidi ya nusu yalikuwa madume. Tuliikata kiunoni na kuibebesha, lakini miaka saba haikurudi.

Machache ya mwisho kuhusu mti wa uani. Vitunda vikishika, usiuache na kiu: tandaza majani makavu chini yake, yasiguse shina, na umwagilie kama jua likizidi. Tangu maua hadi kuiva ni wiki 15 hadi 18, na shokishoki halivundikwi kama embe. Ukilichuma kabla halijageuka rangi litabaki kali. Mkivuna kwa upembo, vunjeni kichala pamoja na kijitawi chake, kwa maana maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya na kuvunja huko huuita mti utoe ncha nyingine. Ila fanyeni hivyo mara tu baada ya mavuno. Mkipunguza ncha karibu na msimu wa maua mtakuwa mmeondoa mashada yenyewe.

Wiki hii usishike kisu. Nenda kisimani na kitambaa, zunguka gogo, chagua yale machipukizi matano. La upande wa uani lifunge kitambaa hicho kabla kaka yako hajapita na panga kusafisha. Kisha anza kuuliza majirani nani ana mshokishoki usiozaa.